Karatasi kumi na mbili ndani ya beseni

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na najua wengine wenu mlidhani nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Kebirigo, nikirekebisha kosa nililolifanya kwa simu nikiwa Nairobi. Kosa lenyewe lilikuwa la hesabu, tena hesabu ya mwaka wa kwanza chuoni, ile niliyopata alama nzuri na kujisifu nayo. Kwa hiyo leo hakuna habari za simu mpya wala programu mpya. Leo ni hesabu, chama, na beseni la plastiki.

Kwa wasiopajua, Kebirigo ni kituo cha soko katika kaunti ya Nyamira, dakika chache kutoka mji wa Nyamira wenyewe. Ni nchi ya chai na ndizi, na mvua ya alasiri ambayo haiombi ruhusa. Asubuhi watu wako shambani wakichuma, mchana wako kwenye kituo cha kupimia majani, na Jumamosi wengi wako kanisani kwa sababu ni Sabato. Jumapili ndiyo siku ya chama.

Chama cha Mama kina wanawake 12. Kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi 2,000, na mmoja wao anaondoka na 24,000. Ni ile tunayoiita merigoraundi, ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita upatu au mchezo. Zamu hupangwa Januari: karatasi 12 zenye namba 1 mpaka 12 zinakunjwa, zinatiwa ndani ya beseni, na kila mtu anachota yake. Ukichota 1 unalipwa Januari. Ukichota 12 unangoja hadi Desemba, ukiwa umewakopesha wenzako mwaka mzima bila riba.

Mama alichota 12. Mwaka uliofuata akachota 12. Mwaka uliofuata tena, Mama akachota 12.

Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya tatu hatukucheka, kwa sababu mdogo wangu alikuwa amejiunga na chuo kikuu na Mama alikuwa amepanga kutumia zamu yake kulipa karo. Ilimbidi akope kwingine, na mkopo huo ulikuwa na riba. Akanipigia simu usiku. "Mwanangu, wewe umesoma hizi hesabu. Mtu anaweza kuwa wa mwisho mara tatu mfululizo, hivi hivi tu?"

Nikajibu bila hata kuweka chini kikombe cha chai. Uwezekano wa kuchota 12 mara moja ni 1 kati ya 12. Mara tatu ni 12 mara 12 mara 12. Nikamwambia: "Mama, ni moja kati ya elfu moja mia saba ishirini na nane."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Asante." Nikarudi kwenye kazi yangu.

Sikujua nimempa Mama panga. Ndani ya wiki mbili ile namba 1,728 ilikuwa imezunguka soko zima. Mwenyekiti wa chama, ambaye hukaa karibu na beseni na huchota wa kwanza, alikuwa amepata 2, kisha 1, kisha 3 katika miaka hiyo hiyo mitatu. Sasa watu wakaunganisha. Kijana wa Mama, yule wa kompyuta Nairobi, amepiga hesabu na kompyuta imesema ni wizi. Kukaandaliwa mkutano wa kumwondoa. Na huyo mwenyekiti, jamani, ndiye aliyeuza mbuzi wake mwaka nilioingia kidato cha kwanza, ili ninunuliwe sanduku na godoro.

Mdogo wangu ndiye aliyeniambia haya yote, na hakupiga simu kwa ajili hiyo. Alipiga kuniambia kwamba ameanguka somo lake la hesabu na anafikiria kuacha chuo. Ni lile somo wanalochanganyiwa kila kitu kwenye sahani moja: matriki, mantiki, kuhesabu mipangilio, uwezekano, takwimu. Alisema haoni linamhusu nini. Nikamtajia hesabu yangu ya 1,728 kama mfano kwamba linatuhusu sana. Akauliza:

"Lakini kaka, mbona unamhesabu Mama tu?"

"Unamaanisha nini?"

"Kama ni Mama mwenyekiti ndiye angepata 12 mara tatu, si yeye ndiye angelalamika?"

Nilikaa na simu sikioni. Huyu ndiye aliyeanguka. Mimi ndiye niliyepita.

Swali nililojibu ni hili: kabla ya chochote kutokea, kuna uwezekano gani kwamba mwanamke huyu mmoja niliyemtaja mapema atakuwa wa mwisho mara tatu? Hapo jibu ni 1 kati ya 1,728, sawa kabisa. Lakini hakuna aliyemtaja Mama mapema. Tulimtazama baada ya mambo kutokea. Swali la haki ni: kuna uwezekano gani kwamba mmoja wao, yeyote, atakuwa wa mwisho mara tatu? Wako 12, na hawawezi kuwa wawili kwa pamoja, kwa hiyo unazidisha kwa 12 na unapata 1 kati ya 144.

Halafu fikiria, hicho ni chama kimoja. Huku kwetu mtu asiye na chama ni mgeni. Tuseme kuna vyama 100 vya watu 12 kuanzia hapa mpaka Nyamira, vyote vinachota kwa haki kabisa. Uwezekano kwamba angalau kimoja kitakuwa na mama wa mwisho mara tatu mfululizo ni karibu nusu kwa nusu. Yaani kitu nilichokiita muujiza wa wizi ni kitu ambacho ungetegemea kukisikia sokoni.

Na kosa hili si la Kebirigo peke yake. Uingereza, mwaka 1999, mama mmoja anayeitwa Sally Clark alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuwaua watoto wake wawili wachanga. Daktari bingwa aliiambia mahakama kwamba vifo viwili vya ghafla vya watoto katika familia ya aina ile ni 1 kati ya milioni 73. Alichukua 1 kati ya 8,543 akaizidisha kwa yenyewe, kana kwamba vifo vya ndugu wawili ni kama kurusha sarafu mbili zisizojuana. Halafu watu wakaisikia namba ile kana kwamba ni uwezekano wa yule mama kutokuwa na hatia. Mwaka 2001 chama cha wanatakwimu cha Uingereza, Royal Statistical Society, kilitoa taarifa hadharani kupinga matumizi hayo. Aliachiliwa 2003, na akafariki 2007. Nilikuwa nimesoma kisa hiki chuoni. Nilikijibu kwenye mtihani! Kisha nikafanya kosa la ukoo ule ule kwa Mama yangu mzazi.

Nikaomba likizo, nikapanda matatu.

Nilimkuta mdogo wangu na daftari lake, na Mama na hasira zake. Nilianza na mantiki kwa sababu hasira za Mama zilikuwa na umbo. Alisema: kama mwenyekiti anacheza na karatasi, basi mimi nitakuwa wa mwisho. Mimi ni wa mwisho. Basi anacheza na karatasi. Nikamwambia mdogo wangu aiandike hivyo hivyo kwenye daftari, kisha abadilishe maneno. Mvua ikinyesha, uwanja unalowa. Uwanja umelowa. Basi mvua imenyesha. Mama mwenyewe akaingilia kutoka jikoni: "Si nimetoka kumwaga maji ya kuoshea vyombo hapo sasa hivi?" Somo likaisha kwa dakika tano. Mhadhiri wangu alilifundisha wiki mbili, kwa p na q na majedwali ya kweli na uongo.

(Hapo hapo tukajikwaa kwenye jambo ambalo huwa linanikwaza kazini pia. Mdogo wangu aliulizwa akanushe sentensi "Wanachama wote walikuja." Akaandika "Wanachama wote hawakuja." Sikiliza vizuri. Hiyo inaweza kueleweka kwamba hakuja hata mmoja. Ukanusho ni "Si wanachama wote waliokuja", na unatosha hata kama ni mmoja tu aliyebaki nyumbani. Niliwahi kuandika sharti la namna hii kwenye programu ya ofisi, nikakanusha "amelipa na amethibitisha" kuwa "hajalipa na hajathibitisha", badala ya "hajalipa au hajathibitisha". Watu waliokosa jambo moja tu wakapita kama hawakukosa chochote. Ilichukua siku tatu kuligundua.)

Haya. Sasa swali la kwanza la sokoni: je, kuchota wa mwisho ni hasara? Mama ni mweka hazina, na kwa adabu yake huchota mwisho ili asisemwe. Mama mmoja jirani alisisitiza kwamba hapo ndipo tatizo, eti wengine wanamaliza namba nzuri. Tukahesabu. Ili Mama aachiwe 12, wa kwanza lazima aikose: 11 kati ya 12. Wa pili naye aikose: 10 kati ya 11. Wa tatu, 9 kati ya 10. Endelea hivyo mpaka wa kumi na moja, 1 kati ya 2. Zizidishe zote, juu na chini zinakulana kama siafu, inabaki 1 kati ya 12. Sawa sawa na aliyechota wa kwanza. Mdogo wangu alirudia kwa kalamu mara mbili kwa sababu hakuamini. Kwa hiyo nafasi ya kuchota haijalishi, mradi karatasi zimechanganywa.

Mradi karatasi zimechanganywa. Tulitazamana.

Nikamwuliza Mama: nani hutengeneza karatasi? Katibu. Anazitengenezaje? Anakata, anaandika 1, anakunja, anaweka mezani. Anaandika 2, anakunja, anaweka juu yake. Mpaka 12. Kisha? "Kisha anafunika beseni juu ya lile rundo na kugeuza, ili zisipeperuke." Anazichanganya? Mama akafikiri. "Anatikisa kidogo."

Ukigeuza rundo, lililokuwa chini linakuja juu. Namba 1 iko juu. Namba 12 imelala sakafuni mwa beseni. Mwenyekiti anachota wa kwanza, mkono unagusa za juu. Mama anachota wa mwisho, anakuta iliyobaki chini.

Hapa nilitaka kuruka kwa furaha, lakini nilishaumwa na nyoka mmoja mwezi huo. Nikamwomba Mama daftari la chama. Katibu, Mungu ambariki, huandika kila kitu: majina kwa mpangilio wa kuchota, na mbele ya kila jina namba aliyopata. Miaka mitatu, majina 36. Mwaka wa mwisho ulikuwa hivi, kuanzia mwenyekiti hadi Mama:

3, 1, 5, 2, 8, 4, 6, 11, 7, 9, 10, 12

Itazame tu. Huhitaji shahada. Lakini macho hudanganya, hivyo tukapima. Kwa kila mtu chukua nafasi yake ya kuchota, toa namba aliyopata, zidisha tofauti kwa yenyewe, kisha jumlisha zote. Mwenyekiti: 1 toa 3, tofauti 2, inakuwa 4. Wa pili: 2 toa 1, inakuwa 1. Mama: 12 toa 12, sifuri. Jumla yake ni 42. Kama karatasi zingechanganyika sawasawa, jumla hiyo kwa wastani ingekuwa 286. (Ukiipitisha kwenye kanuni ya Spearman unapata uhusiano wa 0.85, ambapo 1 ni uhusiano kamili na 0 ni hakuna. Sikumtajia mdogo wangu jina la Spearman mpaka mwisho. Majina ya wazungu ndiyo yaliyomtisha tangu mwanzo.)

Je, 42 inaweza kutokea kwa bahati? Mipangilio ya watu 12 ni 12 mara 11 mara 10, ushuke mpaka 1: jumla 479,001,600. Hatukuwa na haja ya kuipitia yote. Niliandika programu ya mistari michache inayochanganya namba 12 na kupima jumla ile, ikarudia mara 10,000. Jumla ya 42 au chini yake ilitokea mara 3. Hapo nikakubali kwamba kuna kitu, na kwamba kitu hicho hakimgusi Mama na mwenyekiti tu. Kinapita katika orodha nzima.

Matriki ndipo mdogo wangu alipoamka kabisa. Mwalimu wao aliwaambia matriki ni jedwali la namba, kisha akaanza kuwazidishia. Kuzidisha tulipita haraka: mstari ni wiki, safu ni kilo za chai, lita za maziwa na mikungu ya ndizi, bei zimesimama wima pembeni, ukizidisha unapata pesa za kila wiki. Sawa, anajua, Mama hufanya hivyo kichwani. Lakini kuchota karatasi nako ni matriki. Chora miraba 12 kwa 12. Mistari ni mpangilio wa kuchota, safu ni namba zilizopatikana. Weka 1 pale mtu alipokutana na namba yake, kwingine sifuri. Kila mstari una 1 moja tu, na kila safu ina 1 moja tu. Huo ni mwaka mmoja. Sasa jumlisha matriki za miaka mitatu, mraba juu ya mraba.

Tuliichora kwenye karatasi ya manila mezani. Miraba 144, mara 36 za kugawana. Kama ni bahati, kila mraba unategemea robo, na vipande vya juu kushoto na chini kulia kwa pamoja vingepata kama nusu, yaani 18. Vilipata 30. Kona ya juu kulia tupu, kona ya chini kushoto tupu, na katikati kama njia ya ng'ombe inayoshuka mteremkoni. Kwenye mraba wa mwisho kabisa kulikuwa na 3. Huyo ndiye Mama.

Mdogo wangu akaiangalia muda mrefu. "Kwa hiyo matriki ni picha," akasema. Sikubishana naye.

Bado tulihitaji jambo moja. Tulijua karatasi hazikuchanganyika, ila tulikuwa tunakisia sababu. Basi tukafanya jaribio jikoni, kwa beseni lile lile, tukakusanya watoto wa jirani wachote. Kata, kunja, panga, geuza, tikisa kidogo, chota. Mara 10. Namba 12 ilibaki ya mwisho mara 6. Kwa bahati tupu ungetegemea hata isifike mara 1.

Ukichukua 6 kati ya 10 kama kipimo cha haraka, uwezekano wa Mama kuachiwa 12 mara tatu si 1 kati ya 1,728 tena. Ni 0.6 mara tatu, yaani karibu 1 kati ya 5. Najua mara 10 ni chache na watoto wale walikuwa wanasukumana. Lakini hata ukikata nusu yake, maelezo ya beseni bado yanayaacha maelezo ya bahati mbali sana. Na maelezo ya wizi? Wizi unaeleza watu wawili. Beseni linaeleza wote 12, pamoja na wale ambao hakuna aliyewahi kuwataja.

Ukidhani hili ni jambo la akina mama wa kijijini, ngoja nikupeleke Marekani. Tarehe 1 Desemba 1969 serikali ya huko ilichota tarehe za kuzaliwa kuamua vijana gani watangulie kuitwa jeshini, wakati wa vita vya Vietnam. Vidonge 366, kila kimoja na tarehe yake, vilitiwa mwezi baada ya mwezi, vikachanganywa vibaya, kisha vikachotwa mbele ya televisheni. Tarehe ya kwanza kutoka ilikuwa 14 Septemba. Watu wa takwimu walipokaa chini wakaona miezi ya mwisho wa mwaka imepata namba za mapema kupita kiasi. Wastani wa Desemba ulikuwa 121 hivi, ilhali ungetegemea 183 au 184. Mwanatakwimu Stephen Fienberg aliandika juu yake katika jarida la Science mwaka 1971. Kwa bahati nasibu iliyofuata walibadilisha utaratibu kabisa. Huko namba ndogo haikuwa shilingi 24,000.

Na sisi wa programu tusijione. Mwaka 2010 Microsoft iliwawekea watumiaji wa Ulaya ukurasa wa kuchagua kivinjari, na vivinjari vilipaswa kupangwa kwa bahati. Aliyeandika msimbo ule aliiambia kompyuta ipange orodha kwa kulinganisha, na kila ikiuliza kipi kinatangulia ajibu kwa kubahatisha. Inaonekana sawa, sivyo? Sivyo. Mtu mmoja, Rob Weir, alipima akakuta Internet Explorer inaangukia nafasi ya mwisho mara nyingi mno. Ilirekebishwa muda mfupi baadaye. Hakukuwa na njama. Lilikuwa beseni lisilotikiswa.

Njia sahihi inajulikana tangu Fisher na Yates mwaka 1938, na Durstenfeld akaiandikia kompyuta mwaka 1964:

kwa i kuanzia 12 kushuka hadi 2:
    j = namba ya bahati kati ya 1 na i
    badilishana karatasi ya i na karatasi ya j

Wengi, mimi nikiwemo mwaka wa pili, huandika "kati ya 1 na 12" kila mara, kwa kudhani kuchanganya zaidi ni bora zaidi. Jaribu na karatasi 3. Njia hiyo mbovu ina matokeo 3 mara 3 mara 3, yaani 27. Mipangilio ni 6. Gawa 27 kwa 6 uone kama kila mpangilio utapata fungu sawa. Hiyo ndiyo sura ya kuhesabu mipangilio ambayo mdogo wangu aliiruka akidhani haina kazi.

Siku mbili kabla ya ule mkutano nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilikwenda na Mama, na Mama alibeba maziwa. Nilieleza yote, beseni, rundo, 1,728 yangu, jinsi nilivyoitamka bila kufikiri. Nilisema samahani. Alisikiliza akichambua mboga, hakuinua macho.

"Na kama hesabu yako ingetoka kwamba ni mimi?" akauliza.

Sikuwa na jibu zuri. Nilisema ningekuja pia. Aliniangalia, akamwangalia Mama, akamwambia binti yake alete chakula. Mama na yeye hawajarudi vile walivyokuwa. Wanasalimiana, wanacheka, lakini Mama alikuwa akipita kwake kila jioni na sasa hapiti kila jioni.

Mkutano ulifanyika, na ajenda ikageuka. Nilipendekeza programu kwenye simu yangu ipange zamu. Ilikataliwa kwa sauti moja. Katibu alisema kitu ambacho bado nakifikiria: beseni hata kama ni bovu kila mtu analiona, simu yako ni wewe tu unayejua kilichomo ndani. Sikuweza kumpinga, na mimi ndiye ninayezitengeneza. Walikubaliana wenyewe kutumia vifuniko vya soda badala ya karatasi, vyote sawa, vitiwe ndani ya mfuko wa kitambaa, na kila mwanachama autikise kabla ya kuchota. Vizito, haviwezi kulala kwa mpangilio. Ningekuwa mhandisi wao nisingefanya vizuri zaidi.

Mdogo wangu alirudia mtihani wake. Kulikuwa na swali la kuchota mipira mekundu na meupe kutoka kwenye mfuko, akanitumia ujumbe kwamba alikaribia kuandika "je, mfuko umetikiswa?" kabla ya kujibu. Amepita. Si kwa alama za kuandikia magazeti, lakini amepita, na karo ya muhula huu imelipwa.

Januari wakachota kwa mfuko. Nilikuwa Nairobi, nimeweka simu mezani. Mama akapiga saa kumi na moja jioni, nikisikia vicheko nyuma yake.

"Nimepata kumi na moja," akasema.

Nikaanza kumweleza kwamba 11 ina uwezekano sawa na namba nyingine yoyote. Akakata simu.